Senti Kumi Iliyogeuka Nyeupe

Kisumu, Jumapili jioni

Awuor mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuandikia mambo ya kufanya ukifika Nairobi. Nimeyaona, kurasa mbili nzima, herufi zikiyumba kama kawaida yake: uanike blanketi, umsalimie shangazi kwa mikono miwili, usinunue maandazi stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo. Unanijua, mimi ni mtu wa maneno machache, na nusu ya hayo machache ni kikohozi. Leo nitasema mengi. Usome mpaka mwisho kabla hujatoka chumbani.

Nimelifungua begi lako. Ulipokwenda kuwaaga wenzako wa kwaya niliingia kufunga ile zipu mbovu kwa kamba, nikaona mkebe wa sarafu za babu yako chini ya sweta, kama tulivyokubaliana. Kando yake kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi kichupa cha dawa ya macho, kizito kupita kiasi. Nilikitambua kabla sijakitoa. Mimi ndiye niliyekificha darini, nyuma ya boriti, miaka kumi na miwili iliyopita. Kisha nikafungua mkebe. Senti kumi moja, ile ya shaba yenye tundu katikati, imetolewa kwenye karatasi yake na imekuwa nyeupe kama kijiko kipya. Wiki iliyopita ilikuwa ya kahawia.

Kwa hiyo umeshajaribu. Ulipaka kwa kitambaa, au kwa kidole chako? Swali hilo limenikalisha kitandani kwako mpaka miguu ikafa ganzi. Naogopa, Awuor. Sijaogopa hivi tangu mwaka ule wa njaa tulipokula mahindi ya njano ya msaada.

Aliyekutia wazo hilo namjua. Ni yule bwana wa Nairobi uliyekutana naye pale Mamboleo, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuambia umpelekee sarafu zikiwa zinang'aa ndipo mtaongea vizuri. Nawe unataka kulipia chuo cha taipu bila kumlilia shangazi yako. Sikulaumu. Ningeweza kukichukua kichupa na kunyamaza. Ungefika huko, ungekikosa, ungedhani kimeanguka njiani, na ungetafuta kingine. Halafu kunyamaza ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko ile ya gatini. Nimekirudisha ndani ya soksi. Nataka ukitoe mwenyewe, ukijua ni nini na kimefanya nini katika nyumba hii.

Babu yako alikuwa mhudumu wa mezani katika meli za ziwani. Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha Kisumu tena. Kila bandari alipewa bakshishi, na kila bakshishi alibakiza sarafu moja. Alikuwa na shilingi za simba, senti za tundu, rupia za Mhindi, na rupia ya Mjerumani yenye yule mfalme wao mwenye tai juu ya kofia. Nilipokuwa mdogo alinionyesha mara moja kwa mwaka, Krismasi, akiwa amenawa mikono na kukausha. Nikinyoosha kidole ananipiga kofi la mkono. "Usiguse uso wa mfalme," anasema. "Shika pembeni, kama vile unashika sahani ya mzungu." Nilidhani ni ubahili tu. Mzee alikuwa bahili kweli, lakini hapo alikuwa na sababu.

Alipofariki tulimzika Asembo. Unajua desturi yetu: mali ya marehemu haiguswi mpaka siku ya keyo nyinyo, watu wote wakiwapo, kila kitu kikitolewa nje na kugawanywa mchana kweupe. Mimi sikungoja. Mvua zilikuwa zimekataa, mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, na niliogopa kaka zangu wangegawana zile sarafu kama njugu. Usiku wa pili baada ya mazishi nilimwambia mama yako auchukue mkebe kutoka chini ya kitanda cha mzee aufunge ndani ya leso zake. Alikataa. "Baba Awuor, hii si kitu yetu bado," alisema. "Ngoja wazee wagawe." Nikamwambia mimi ndiye mume wake. Akauchukua.

Hilo ni la kwanza. Nikuambie la pili.

Tulirudi mjini, wewe tukakuacha kwa nyanya yako Asembo kwa sababu huko maziwa yalipatikana. Nikatandaza sarafu mezani nikaziona zimefifia, nyeusi nyeusi, kahawia, nyingine zina ukungu wa kijani pembezoni. Nikasema nani atanunua uchafu huu? Wewe umekulia hapa, unajua sisi watu wa ziwani tulivyo na vyombo. Mwanamke akiolewa, wakwe huanza kutazama matako ya sufuria zake. Mama yako alisifiwa ukoo mzima kwa hilo. Sufuria zake alizisugua kwa mchanga wa ufukweni na jivu mpaka ukajiona meno. Basi nikampa sarafu, nikamwambia azifanye hivyo hivyo.

Akazisugua thelathini na kitu. Mchanga, jivu, ndimu, mwisho waya wa chuma. Ziling'aa! Nilimpa mama yako soda siku hiyo, mimi bwana mkubwa. Sikuona kwamba manyoya ya simba yamefutika na shavu la mfalme limejaa mikwaruzo kama mlango wa kuku. Nilichoona ni kwamba mng'ao ule haukufanana na wa fedha vya kutosha kwa macho yangu.

Hapo ndipo alipokuja Ochola, binamu yangu, yule aliyekuwa anachenjua dhahabu kule vilimani. Alitoa kichupa mfukoni. Ndani kulikuwa na kitu kizito, cheupe, kinachokimbia kama kina roho. Zebaki. "Omera, hii maneno ni rahisi sana," alisema. "Unapaka kidogo tu, inakuwa silver. Mimi nimefanyia bibi yangu pete." Akapaka senti moja mbele yetu, ikawa nyeupe palepale. Mama yako alipiga makofi kama mtoto. Na mimi nilicheka. Tulizipaka zote zilizobaki za shaba, kwa vidole, mimi na yeye, jioni moja nzuri.

Kesho yake nikatambua kuwa hata mjinga hatanunua senti kumi ya fedha, maana hakuna aliyewahi kuiona. Nikamwuliza Ochola jinsi ya kuitoa. Akasema wao kule huichoma, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Basi nikamwambia mama yako aziweke katika karai lake la kukaangia, juu ya jiko la makaa, mpaka zirudi rangi. Nikaenda zangu kazini.

Alifanya hivyo siku tatu, jikoni, mlango umefungwa. Mlango ulifungwa kwa amri yangu, kwa sababu ya majirani. Siku ya pili nilipoingia jioni aliniambia, "Baba Awuor, moshi hakuna, lakini mdomo yangu iko na ladha ya misumari. Na kichwa inauma." Awuor, nitakuandikia nilichomjibu, nacho nimekisikia kila siku ya maisha yangu tangu hapo. Nilimwambia, "Fungua kidirisha kidogo. Mlango usifungue, watu wataona."

Baada ya wiki alikohoa mpaka akalala. Fizi zikamvimba. Akapona, tukasema ni homa. Kisha siku moja alishindwa kutia uzi kwenye sindano. Huenda humkumbuki vizuri mama yako wa kabla ya hapo. Ulikuwa na miaka saba tu, na yalipoanza haya ulikuwa Asembo. Alikuwa na cherehani yake kwenye veranda ya duka, na alishona sare za shule huku akiongea na watu watatu, bila kutazama mkono. Ile cherehani iliyofunikwa kitambaa pale pembeni, unayowekea redio, ndiyo hiyo. Mikono ilianza kutetemeka na haikuacha. Ikaja hasira, ile unayoijua, ya kuwaka kwa ajili ya kikombe. Kabla ya hapo, mwanangu, mama yako hakuwa na hasira hata ya kumfukuza paka.

Habari ikafika Asembo, na habari ya mkebe pia ikafika, maana siku ya kugawa mali wote waliuona haupo. Nyanya yako hakuhitaji kufikiri. "Hiyo ni chira," alisema, ile laana ya kuvunja mwiko. "Mkono uliingia kwa vitu vya marehemu kabla ya saa. Sasa mkono ndiyo unalipa." Kila mtu akaona imekaa sawa. Hata mimi, siku zile za kwanza, nililala nikiwaza kwamba mzee amenyoosha kofi lake la Krismasi kutoka kaburini na likampata asiye na kosa.

Wiki moja kabla ya siku iliyopangwa ya kumtakasa mama yako nilichukua sarafu nikaenda nazo kwa Mzee Suleimani, sonara, nyuma ya msikiti. Alikuwa mtu mpole, ananusa tumbaku, anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Alitandaza kitambaa cheusi, akavaa kioo chake jichoni, akachukua sarafu ya kwanza kwa ukingo, vidole viwili tu. Akaiweka. Akachukua ya pili. Alipofika ya kumi akavua kioo.

"Nani amezichuna ngozi sarafu hizi?" aliuliza.

Nikasema tumezisafisha.

"Bwana, sarafu husafishwa na mtu asiyezipenda. Tazama." Akanipa kioo. Akanionyesha rupia ya Mjerumani, moja tuliyokuwa hatujaifikia, nyeusi kama chungu. Akaigeuza polepole chini ya taa na mwanga ukazunguka juu yake, ukapita kwenye lile giza, ukarudi. "Huu mng'ao ilizaliwa nao. Ukisugua mara moja umekwenda, hata mfalme mwenyewe hawezi kuurudisha." Kisha akanionyesha mojawapo ya zile zilizopakwa, ambayo haikutoka vizuri kwenye karai, ina mabaka meupe. "Na hii? Hii ni zebaki."

Nikasema ndiyo, lakini tuliichoma ikaondoka.

Alikunja kile kitambaa cheusi, mkunjo juu ya mkunjo. "Nani aliichoma?"

"Mama watoto."

"Nje au ndani?"

"Jikoni."

"Mlango ulikuwa wazi?"

Nilianza kuzikusanya sarafu zangu. Akasema, na hakuwa anapandisha sauti, "Zebaki ikipikwa haipotei, bwana. Inahama. Inahamia kwa aliyekaa karibu. Mpeleke hospitali, uwaambie ukweli. Na hilo karai msipikie tena, hata maji." Alikataa kununua chochote siku ile. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Jioni hiyo nilichukua karai nikashuka nalo mpaka nyuma ya gati nikalitupa ziwani. Siku hizi sioni hata kama hilo lilikuwa jambo la akili, na wenzetu wanavua pale. Kichupa nilikificha darini, nikijiambia nitajua la kufanya. Hospitali nilimpeleka, lakini nilimwambia daktari anatetemeka tu. Akampa vidonge vya kutuliza.

Halafu tukaenda Asembo. Walichinja mbuzi. Mama yako alinyweshwa manyasi, ile dawa chungu ya kuondoa chira, kisha akapigishwa magoti mbele ya ukoo akaomba msamaha kwa marehemu kwa kuiba mkebe wake. Aliomba vizuri. Hakusema kwamba mume wake ndiye aliyemtuma. Aliniangalia mara moja tu, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi, na nilikuwa nimejua kwa wiki nzima ni nini kinachomtetemesha. Nilisema moyoni, nikieleza habari ya zebaki wataniuliza mkebe ulifikaje Kisumu. Basi nikashika kamba. Wazee wakaamua mkebe uwe wako, kwa kuwa mtoto hana kosa. Ndivyo ulivyourithi.

Wahenga wana msemo, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe niliusikia Pasaka iliyopita. Kikombe kilianguka, mama yako akawaka, nawe ukamjibu kwa ukali kwamba ndiyo sababu mikono yake haitulii, aliiba vitu vya mfu. Hukuniona nyuma ya gazeti. Alitoka akaenda jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. Nilipaswa kusimama pale pale. Nilifungua ukurasa wa michezo.

Nimekuwa nikirudi kwa Mzee Suleimani miaka yote hii, Jumamosi moja moja, mpaka alipofariki. Nilijifunza kama mtu anayejifunza kuogelea baada ya mashua kuzama. Kwa hiyo nikuambie machache aliyonipa, maana yule bwana wa kalamu mbili hatakuambia. Sarafu hupimwa kwa sehemu zake zilizoinuka, maana hizo ndizo huliwa kwanza na mikono ya watu: nyusi za mfalme, taji lake, manyoya ya shingo ya simba na ile milima nyuma yake. Ukiona kila unyoya umesimama peke yake, hiyo ni ya juu. Ukiona simba amekuwa kama mbwa aliyelowa, hiyo ni ya chini, na hakuna aibu, ilifanya kazi yake sokoni. Yenye thamani ndogo kuliko zote ni iliyosuguliwa. Inang'aa, nayo imekufa, na mnunuzi mwenye macho huijua kabla hajakaa. Mtu anayekuambia uzisugue kwanza ama hajui, ama anataka uziharibu ili akushushe bei.

Yenye matope iache ilale ndani ya maji yale yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, wanayoongeza mafundi kwenye betri za magari. Nasema maji, si asidi, uulize mara mbili. Siku mbili tatu, kisha uigusishe kitambaa laini cha pamba bila kusugua. Basi. Ikiwa na kijani kinachokula, usipigane nacho, mpelekee anayejua. Usiziweke kwenye nailoni laini, hutoa jasho. Mama yako amezifunga kila moja katika karatasi kavu. Zilimchukua siku nne kwa mikono ile, na ukizifungua utaona kila karatasi imekunjwa mara tatu.

Zipo kumi na tisa ambazo hatukuzifikia. Rupia ya Mjerumani ni mojawapo. Hizo ndizo urithi wako. Zilizobaki ni urithi wangu, na ile senti nyeupe uniachie, usijaribu kuirudisha rangi. Ninakuwazia katika kile chumba kimoja cha shangazi yako, watoto wake wamelala mkekani, wewe na jiko la makaa na wazo zuri. Vidole vyako vinataka kupiga taipu. Kama uliipaka kwa kidole, uniambie, tutakwenda hospitali pamoja asubuhi na utapanda basi la mchana, na safari hii nitamwambia daktari jina la kitu chenyewe.

Sasa nakuomba jambo moja. Asubuhi, kabla ya chai, toa kile kichupa kwenye soksi, usikifungue, ukiweke mezani mbele ya mama yako. Atauliza ni nini. Baadaye nitakipeleka kwa watu wa maabara, na nitakwenda Asembo kusema mbele ya waliokuwapo siku ya mbuzi, wale waliobaki hai. Lakini kwanza ni yeye. Hajui, Awuor. Mpaka leo anaamini ni mkono wake ulioleta haya. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya babu yako hufunga bila kula, na mimi hula.

Nimejaribu kumwambia mara nyingi, maneno yakaishia kuwa kikohozi. Najijua. Nikianza kukohoa kesho, usinionee huruma. Niulize kwa sauti, yeye akisikia, lile karai lake la kukaangia lilikwenda wapi. Amekuwa akiniuliza mwenyewe tangu mwaka wa mahindi ya njano, na kila mara nimemwambia kwamba liliibwa.

Baba yako